Kiti cha Mbele cha Baba

Gari langu lilitengenezwa Mbeya mwezi wa nane, bure, kwa muda usiofika saa mbili, na fundi aliyelitengeneza alikuwa anapiga mluzi muda wote. Nalisema hilo mapema ili mtu asisome haya huku akilihofia gari. Gari ni zima. Ninachotaka kueleza ni miezi ya kusubiri kabla ya Mbeya, miezi ambayo baba yangu alikataa kupanda gari langu, nami nikagundua kwamba ukimwondoa yeye sina mtu wa kuongea naye.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nina miaka hamsini na tatu, sina mume, sina mtoto, na naishi Ilembo, hapa Mpanda, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, viwili kati yake, baba asipokuwa kwangu, hufunguliwa siku ya kufagia tu. Watu wakiniuliza kama siogopi kukaa peke yangu, huwa nawajibu kwamba nashinda na watoto mia mbili darasani, nikirudi nyumbani nataka kimya. Jibu hilo nimelitoa mara nyingi mpaka linatoka lenyewe. Ulimi wangu ni mkali pia. Sijisifu kwa hilo, lakini unasaidia watu wasiulize swali la pili.

Baba anaishi Karema, ziwani, pamoja na shangazi, ambaye ni dada yake mdogo. Mama alifariki nikiwa chuoni, na mimi ni mtoto wao wa pekee. Presha ilipomwanza, daktari alitaka aje kliniki Mpanda kila mwezi, Jumatatu ya mwisho. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakwenda Karema Jumamosi, nalala huko, na Jumapili baada ya misa ya kwanza tunaondoka pamoja. Jumatatu kliniki, Jumanne anarudi na basi wakati mimi niko darasani. Hakuwahi kulala kwangu usiku wa tatu. Alikuwa anasema randa zake zitashika kutu. Ni seremala, na mpaka leo kuna watu wanaomsubiri yeye awatengenezee mlango hata kama itachukua mwaka.

Njia hiyo ni kama saa nne, mvua ikinyesha ni zaidi, na saa hizo nne ndizo nilizokuwa nazisubiri mwezi mzima. Baba akiwa nyumbani ni mtu wa maneno matatu: umefika, kula, kalale. Ukimtazama usoni ukamuuliza jambo, anatazama mikono yake. Lakini mweke kwenye gari, macho yake barabarani na ya kwangu barabarani, uone. Atakutajia shamba lipi liliuzwa na nani kwa nani, siku ng'ombe wa kwanza wa Wasukuma walipopita wakafunga njia kuanzia asubuhi hadi mchana, padri yupi alikuwa mchoyo wa sukari, na jinsi mama alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Yote ninayoyajua kuhusu mama nimeyasikia kati ya Karema na Mpanda. Hakuna hata moja nililoambiwa uso kwa uso.

Na alikaa mbele, bila shaka. Kwetu kiti cha mbele hakigombewi. Mkubwa akifika, aliyekaa mbele anashuka mwenyewe bila kuambiwa, anazunguka, anaingia nyuma. Nyuma ni kwa watoto, wagonjwa na mizigo.

Gari lenyewe nililinunua miaka sita iliyopita kwenye yadi moja Dar es Salaam, mtumba wa Japani, dogo, jeupe, na halikuwa jipya hata siku hiyo. Muuzaji alinifungulia mlango wa abiria akakipigapiga kiti kwa kiganja. "Ona hii, mama. Kiti kama kipya. Aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa peke yake." Nilikuwa karibu kuondoka, lakini maneno hayo yalinirudisha. Nilijisikia kama nanunua kitu kwa mtu ninayemfahamu.

Kwenye kile kibao cha kuzuia jua, upande huohuo wa abiria, kulikuwa na stika ya njano yenye maandishi mekundu ya Kijapani. Huku kwetu mtu habandui stika ya Kijapani. Huo ndio ushahidi kwamba gari limeshuka melini likaja moja kwa moja, halijapita kwenye mikono ya wajanja wa hapa. Kuna wanaoacha mpaka nailoni za viti, zichanike zenyewe. Baba aliipenda ile stika kuliko mimi. Kila akipanda alikuwa anateremsha kibao, anaipangusa vumbi kwa leso, anakirudisha. Mwosha magari mmoja wa mjini aliwahi kuanza kuibandua pembeni, baba akamfokea mpaka akaomba radhi. Alimwambia asiharibu gari la watu.

Mwezi wa kwanza, shule zikiwa zimefunguliwa wiki moja tu, mwalimu mwenzangu alituma tangazo kwenye kundi letu la simu. Lilisema kiwanda fulani kimeyaita magari yake ya zamani kwa sababu mfuko wa hewa, ule unaofumuka mbele ya mtu gari likigonga, unaweza kupasuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Kila mwenye gari aingize namba ya chesisi kwenye tovuti ya kiwanda aone kama lake limo. Wenzangu walijibu kwa vicheko. Mmoja aliandika kwamba lake linaitwa na kila fundi mjini, kiwanda kisubiri foleni. Mimi ni mtu wa kusoma karatasi ya dawa mpaka chini. Nilitoka nikaenda kwenye maegesho, nikainama, nikanakili namba, nikaiingiza. Jibu lilikuja kwa Kiingereza: mfuko wa hewa wa abiria wa mbele haujabadilishwa, na mtu yeyote asikalie kiti hicho mpaka ubadilishwe.

Ndipo nikaikumbuka stika. Simu za siku hizi zinasoma lugha za watu. Nikateremsha kibao, nikaielekezea kamera. Maneno yalichezacheza kwenye kioo, kisha yakatulia kwa Kiswahili kibovu lakini cha kueleweka: *Kiti hiki hatari. Mfuko haujabadilika. Tafadhali usikalie.*

Nilikaa kwenye usukani na jua la saa saba nikashindwa hata kufungua dirisha. Miaka sita baba alikuwa amekaa chini ya maneno hayo, akiyapangusa vumbi. Nilimfikiria na yule Mjapani aliyekuwa na gari kabla yangu. Huenda hakuwa mtu wa peke yake hata kidogo. Huenda alikuwa na mke na watoto waliokuwa wanabanana kiti cha nyuma kwa sababu wao walijua kusoma kilichoandikwa.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Karema kama kawaida. Nilipanga nimweleze baba Jumamosi jioni, lakini alikuwa baba wa nyumbani, anatazama mikono yake, nami nikaahirisha. Jumapili tulitoka kanisani na watu wamejaa uwanjani wanasalimiana. Baba akamshika mkono huyu na yule, akaja kwenye gari amevaa koti lake la kijivu, akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa mbele.

"Baba, hapo marufuku," nikasema. "Kuanzia leo kaa nyuma."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Sina nyingine ya haraka. Watu walio karibu waligeuka.

"Marufuku ya nani?" baba akauliza.

Nikaanza kumweleza: kiwanda, chuma, mfuko, stika. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza nadharia ubaoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono bado uko kwenye kitasa.

"Miaka sita nimekaa hapa."

"Ilikuwa bahati tu, baba."

"Basi bahati hiyo iendelee."

"Haiwezekani. Ukikaa mbele, siendeshi."

Aliondoa mkono. Hakukasirika, au kama alikasirika sikuona. Alichukua kifurushi chake cha nguo nilichokuwa nimeshakiweka kwenye kiti cha nyuma, akakitazama kile kiti, akaufunga mlango polepole. "Tangulia, mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita. "Nitakuja na basi." Shangazi aliyekuwa amesimama na kitabu chake cha nyimbo alininong'oneza, "Nyie wasomi! Baba mzima unamweka nyuma kama gunia la mihogo?" Sikumjibu shangazi. Angekuwa mtu mwingine ningemjibu.

Basi liliondoka saa mbili. Kondakta alimpa baba kiti cha mbele kabisa, pembeni ya dereva, kama wanavyowapa wazee. Nami nikaondoka nyuma yake. Ningeweza kulipita, gari langu lina nguvu ya kutosha, lakini sikulipita. Nilikwenda nyuma ya lile basi njia nzima, linanimwagia matope kwenye kioo, wipa zinalia, na viti vinne vitupu ndani ya gari langu. Redio ilikamata kituo hadi mlima wa kwanza, ikakata. Nilijaribu kusema mwenyewe majina ya wenye mashamba kama anavyoyasema baba. Nilikosea la pili tu.

Baada ya kijiji cha Kapalamsenga basi likazama kwenye tope. Abiria wote wakashuka, wanaume wakaanza kusukuma, baba akasimama pembeni na wazee na kina mama, mvua inamnyeshea. Nilishuka na mwavuli nikamfuata. Nilitumaini atakuja kukaa garini, hata nyuma, hata kwa dakika kumi. Aliupokea mwavuli. "Asante, mama," akasema, akamfunika mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, akaendelea kusimama palepale na wenzake. Nikarudi kwenye gari nikiwa nimelowa, nikawasubiri wakwamuke. Nasema ukweli, sijawahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia kwenye ile nusu saa, nikitazama mwavuli wangu mwenyewe kupitia kioo cha mbele.

Kliniki alikwenda, kwangu alilala, Jumanne akaondoka. Umefika, kula, kalale, safari hii mimi ndiye niliyekuwa nayasema.

Nilianza kupiga simu. Wakala wa kampuni yuko Dar es Salaam, na msichana aliyepokea alikuwa na sauti nzuri na haraka nyingi.

"Unapiga kutoka wapi, mama?"

"Mpanda."

"Mpanda ya wapi?"

"Kuna Mpanda ngapi? Mpanda ya Katavi."

Akaniambia gari langu halikuuzwa na wao, limeingia kwa njia ya mtumba, kwa hiyo anatakiwa aulize. Nikasubiri wiki. Nilipopiga tena alipokea mwingine, naye akauliza Mpanda ya wapi. Wa tatu alikuwa mwanaume mwenye subira. Alichukua namba ya chesisi, akanisomea tena tarakimu moja moja, akasema ndiyo, gari limo, kazi ni bure, ila kifaa kinaagizwa nje na orodha ni ndefu. Kikifika, nisije mpaka Dar, mafundi wao wa Mbeya watanifanyia. "Kwa sasa asikae mtu kiti cha mbele," akasema. "Hakai mtu," nikamwambia. Alinitakia siku njema. Nilijikuta nafikiria kumpigia tena kesho yake, bila sababu, kwa vile alikuwa amenisomea tarakimu zangu kwa upole.

Fundi wangu wa pale mjini, ambaye amelijua gari hilo tangu lifike, aliniona mjinga. "Madam, hiyo kitu ndogo. Naing'oa yote, naweka kifuniko, taa ya dashibodi naizima. Mzee anakaa mbele kesho." Alikuwa ameshashika bisibisi. Na nilitamani, sitaficha. Nilisimama pale gereji nikaiona Jumapili ya mwisho wa mwezi: baba mbele, kibao kinateremka, leso inatoka mfukoni. Lakini tovuti ilisema mtu asiye na ujuzi asikiguse, maana kinaweza kupasuka mikononi mwake, na huyu fundi ana watoto watano. Nikamwambia aweke bisibisi chini. Nilimwambia kwa ukali kuliko ilivyohitajika, akanijibu, "Haya, madam, wewe ndiye msomi," na mimi nikaondoka na kiti changu.

Mwezi wa pili baba alikuja na basi. Wa tatu alikuja na basi. Wa nne shangazi alipiga simu kusema baba ameamua kupimwa presha palepale Karema, kuna mganga wa zahanati anampima, hana haja ya kunisumbua. Neno lililonikata ni hilo la kunisumbua. Jumapili ile nilikaa nyumbani Ilembo. Nilifua, nilisahihisha mitihani ya kidato cha tatu, nikapika ugali wa kutosha watu wawili kwa mazoea ya mwisho wa mwezi. Jioni nilikwenda kukaa ndani ya gari uani, mlango wazi, bila kuliwasha. Jirani yangu alipita na ndoo akaniuliza kama nasafiri. Nikasema nakagua betri.

Nilikuwa na nadharia yangu kuhusu ukaidi wa baba, na niliishikilia kwa sababu ilikuwa nzuri. Kabla ya useremala alikuwa utingo wa lori la misheni. Miaka kumi na moja alikaa nyuma, juu ya magunia na mbao, mvua yake jua lake, huku mbele wanakaa dereva na padri. Nikajiambia: mtu aliyekaa nyuma miaka kumi na moja hawezi kurudishwa nyuma na mtoto wake mwenyewe mbele ya kanisa lilelile. Niliisimulia hadithi hiyo ofisini kwa walimu wenzangu, wakasikitika, wakasema wazee wetu wamepitia mengi. Mpaka nikawa najionea huruma kwa kumwonea huruma yeye.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilikwenda Karema bila kumwarifu mtu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapiga randa fremu ya mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umefika."

"Nimefika."

"Kula."

Nilikula. Nilirudi nikasimama mbele yake, nikamuuliza afya, akatazama mikono yake. Nikamuuliza dawa, akatazama mikono yake. Nilimtazama utosini, nywele zimekuwa nyeupe zote, na nikaona kwamba nitaondoka kama nilivyokuja. Hapo sijui nilipataje akili. Nilichukua vigoda viwili vilivyokuwa chini ya benchi lake la kazi, nikavipeleka pembeni ya nyumba panapotazama njia, nikavipanga sambamba, vyote vinaelekea njiani. Kwenye kimoja nikakaa mimi, upande wa kulia. Sikumwita. Nilikaa nikatazama njia kama mtu anayeendesha.

Randa ikasimama. Baada ya muda kigoda cha kushoto kikalia, baba akakaa.

Mwanamke alipita na beseni la dagaa kichwani. "Huyo mume wake alihamia Kigoma," baba akasema. "Alirudi akakuta nyumba imeezekwa, akajifanya ni yeye aliyeiezeka." Wakapita vijana na jembe la kukokotwa, akaniambia ng'ombe wao walikufa wawili. Akapita katekista na baiskeli. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nimeyakosa mno, ningeweza kumsikiliza akitaja hata mawe. Njia ilipokuwa tupu, nikauliza nikiwa bado natazama mbele.

"Baba, ni kwa sababu ya lile lori?"

"Lori gani?"

"La misheni. Miaka kumi na moja uliyokaa nyuma."

Alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilimsikia anacheka hivyo. "Nyuma ya lori kulikuwa kuzuri! Upepo, unaona nchi yote. Padri ndiye alikuwa anateseka pale mbele na joto la injini. Nani amekwambia nililichukia lori?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikokotoa mwenyewe.

"Sasa ni nini?"

Aliifuata njia kwa macho mpaka nikadhani ameshuka garini.

"Mtu akikaa nyuma na mbele hakuna mtu," akasema, "hiyo ni gari ya kukodi. Watu wanaona dereva na abiria. Mimi siwezi kukufanya uonekane dereva wangu."

"Waone wanavyotaka, baba. Mimi sijali."

"Najua hujali. Mimi najali." Alikuwa anasugua kidole gumba kwenye goti, kana kwamba anapima ulaini wa ubao. "Pale Kapalamsenga wanakuona kila mwezi. Wanasema yule mwalimu, yule pale na mtu wake, kumbe babake. Mama, huna mume. Mtoto huna. Sikulaumu, Mungu ndiye anayegawa. Lakini nilikaa pale mbele ili uonekane una mtu."

Njia ilikuwa tupu na mimi nilikuwa naiendesha.

"Sasa nikikaa nyuma wameshaona yote," akaendelea. "Kwamba hata baba yako hakai na wewe. Ukiwa peke yako gari zima, afadhali. Mtu anaweza kudhani kuna anayekusubiri huko mbele."

"Nilikuwa nalifuata basi lako," nikasema. "Hakuna mwingine niliyekuwa namfuata."

"Nilikuona. Dereva ana kioo kikubwa."

Nililia. Sikulia vizuri, nililia kama mtu anayekohoa, na baba hakunitazama, kwa hilo namshukuru. Miaka yote nilikuwa nadhani nimemficha. Nyumba nimeipaka rangi, mapazia nimebadilisha, jibu langu la kimya nalitoa kwa tabasamu, na kumbe huyu mzee wa maneno matatu alikuwa anaona kila kitu, na dawa pekee aliyoipata ilikuwa kukaa kiti cha mbele na koti lake la kijivu, mwezi hata mwezi. Nami nilikuwa najigamba mjini kwamba namtunza baba yangu.

Jumapili tuliondoka pamoja kwenda kliniki. Sikumwambia akae wapi. Nilisimama upande wangu nikangoja. Aliufungua mlango wa nyuma, akaingiza kifurushi, akaingia mwenyewe, akasogea mpaka katikati ambapo ningemwona kwenye kioo. Hakuzungumza mpaka tulipoukaribia mlima wa kwanza, na alipoanza alilazimika kuongeza sauti kwa sababu ya injini, akakasirika kwamba nyuma hapasikiki. Nikapunguza mwendo. Lori la viazi lilitupita, na bodaboda zote.

Kapalamsenga aliniambia nisimame, anataka samaki. Nilijua hataki samaki, huwa hanunui samaki wa njiani, yeye ni mtu wa ziwa. Wanawake walikuja dirishani na migebuka ya kukaushwa, wakamkuta nyuma, wakanitazama mimi, wakamtazama yeye. Baba akafungua mlango akashuka kabisa.

"Huyu si dereva," akawatangazia. "Ni mwanangu, mwalimu. Kile kiti cha mbele kina hitilafu, kiwanda kimekataza. Kule Japani wamekataza. Kifaa kinakuja."

Wakacheka, wakampa pole ya kiti. Mmoja wao, mtu mzima wa rika langu, aliinama dirishani kwangu huku akifunga migebuka miwili kwenye karatasi. "Tulisema mzee amepotelea wapi! Sasa mwalimu, huko mjini unakaa na nani?"

Nilimwona baba kwenye kioo cha pembeni anafungua mdomo anijibie. Nilijua angesema nini: kwamba nina shughuli nyingi, kwamba wanafunzi wanajaa nyumbani. Angenisitiri pale barabarani, kama alivyozoea. Nami nilikuwa na jibu langu pia, lile la kimya, limeshafika kwenye meno.

"Nakaa peke yangu," nikasema. "Na sipendi."

Yule mwanamke aliacha kufunga. Hakucheka, hakunipa pole. Alisema, "Eeh, si kazi ndogo hiyo," akaongeza mgebuka mmoja juu ya ile miwili, akaurudisha mkono wangu uliokuwa unatafuta hela.

Baba aliingia nyuma, akafunga mlango, akaweka samaki miguuni. Nilikuwa nimeshika usukani kama mwanafunzi wa udereva, na nilikuwa naogopa kutazama kioo nisije nikamwona anatazama mikono yake. Kisha akakohoa, akainama mbele kati ya viti viwili ili nisikie.

"Jumanne sirudi," akasema. "Nitakaa wiki. Kama pana mahali pa kulala."

Nikamwambia kitanda kipo. Kimekuwepo siku zote.